Futi Tatu Nilizoongeza Nyuma ya Tela

Nilisoma mpaka darasa la tatu. Matela niliyochomelea kwa mikono hii yanabeba mawe ya dhahabu kuanzia Bugarama mpaka Geita, na hakuna mtu aliyenifundisha. Kwa hiyo nilipoongeza futi tatu nyuma ya tela langu, lichukue viroba vingi vya mawe kwenda karasha kusagwa, sikuuliza mtu.

Aliyeliendesha ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu. Tangu dada yake afariki, ni yeye tu aliyekuwa akija kula kwangu. Siku ya kwanza ya mzigo alilizunguka tela, akashika ulimi wake pale unapoungana na gari.

"Shemeji, nyuma kuzito. Ulimi unainua gari. Ekseli hujaisogeza."

"Wewe shika usukani. Chuma niachie mimi."

"Haya. Siku ya kunizika usinibebe na hili."

Tukacheka, akaondoka. Wapakiaji wa kwetu hurundika viroba kwenye mlango wa nyuma wa tela ili wakati wa kushusha wasihangaike. Siku hiyo pia niliwaona, nikawaacha.

Kwenye mteremko tela likaanza kuyumba, huku na huku, likalivuta gari mpaka mtaroni. Alitoka mzima. Alirudi kwa miguu, akaweka ufunguo mezani pembeni ya ugali niliomwekea.

"Nilikwambia."

"Ulikimbiza," nikamjibu.

Ajali angenisamehe. Neno hilo hakunisamehe. Akahamia Mwadui.

Nilikaa wiki nzima nakula peke yangu na kiburi changu. Halafu nikalirudisha tela bandani, nikakata vishikio vya springi, nikarudisha ekseli nyuma futi mbili, nikachomelea kizuizi ili kiroba kisifike mlangoni. Nikaazima mizani ya pamba. Nikapima kila kiroba na kukipanga, nikaweka mawe kwenye matairi lisisogee, nikaininginiza mizani kwenye boriti ya banda na kuutundika ulimi wa tela. Katika kila kilo mia, kumi au zaidi kidogo zikae kwenye ulimi. Uzito wote, tela na mzigo, ulikuwa kama kilo mia nane. Ulimi ukasoma tisini.

Nikampigia.

"Hukukimbiza. Nilikosea mimi."

Akauliza, "Ulimi una ngapi?"

"Tisini."

"Nitakuja kuona."

Alikuja Jumamosi. "Shikamoo, shemeji." Nikaitikia, yeye akaenda moja kwa moja kwenye tela. Akapima mwenyewe, akahamisha viroba viwili nyuma, akautazama mshale wa mizani ukishuka, akavirudisha.

"Sasa limekaa."

Nilikuwa nimesonga ugali wa watu wawili. Akanawa, akala vizuri, akanawa tena.

"Mtafute dereva, shemeji. Mimi kule nimeshapata kazi."

Sikumtafuta. Naendesha mwenyewe. Kabla ya kila safari napima ulimi na kuitaja namba kwa sauti, ingawa bandani hakuna wa kuisikia.