Fundi wa Magongo

Kabla ya kumkabidhi mtu magongo, fundi huyatembelea mwenyewe kutwa nzima, mguu mmoja kaukunja na kuufunga mkanda, hata majirani wapya humpa pole. Kiganja kikichubuka, hukwangua mpini, akaanza upya. Mwisho huyakata kulingana na kimo cha mteja.

Leo bibi aliyevunjika nyonga kaja kuchukua yake. Akasimama, akayumba. Fundi akatanua mikono bila kumgusa.

"Vumbi hili si ungepanda mahindi! Huna ufagio, baba?"

Bibi alifoka hatua ya kwanza, akafoka mlangoni, akafoka mpaka ng'ambo ya barabara. Fundi alitega sikio hadi mwisho. Katika lawama zote hizo, magongo hayakutajwa. Akachukua ufagio, akafagia huku akipiga mluzi.