Mji Usiosalimiana Tuliouonyesha Merti

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa shuka kubwa nyeupe na kamba, nikaambiwa nifunge kwenye nguzo. Nyinyi mnaona picha kwenye simu, hamjui ya kwamba zamani picha ilifungwa kama mbuzi. Na upepo wa Isiolo mnaujua. Ile shuka ikajaa upepo, ikaniburuta mpaka kwa kinyozi mmoja Msomali, watu wakacheka kuliko sinema yenyewe. Huyo kinyozi baadaye aliniozesha mpwa wake, lakini hiyo ni habari nyingine.

Shule niliachia darasa la tatu. Kazi ya gari ya sinema nilipata, miaka ya sabini, kwa sababu nilijua Kiborana na Kiswahili. Picha zilikuja na Kizungu, kwa hivyo mtu alikaa kando ya projekta na kipaza sauti akieleza. Huyo ndiye mimi. Filamu ilizungushwa kwenye gurudumu la bati, tuliita rili. Rili moja ikiisha unaweka nyingine, na ukichelewa unapigiwa mbinja. Mara nyingi tulionyesha picha za serikali za kuua kupe na kuchimba choo.

Bosi wangu, Afisa wa Habari, alitoka Kenya, yaani huko kusini. Ndivyo tulivyosema, kwa sababu ukielekea kaskazini ama ukirudi, ulisimama kwanza kwenye kizuizi cha polisi barabarani, useme wewe nani na unaenda wapi, kama unavuka nchi. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa ngamia tu.

Siku moja akaleta picha ya kutungwa, ya mji ambao hauko duniani.

"Guyo, waambie watu wako huu mji umetulia. Hakuna wizi wa mifugo, hakuna njaa, kwa sababu kila mtu anatii. Na rili ya mwisho usiweke."

"Kwani ina nini, mkubwa?"

"Ina fujo. Ukiiweka, utarudi Kinna kuchunga mbuzi wa baba yako."

Baba hakuwa na mbuzi tena, ukame ulimaliza. Nilikuwa na mke na chumba cha serikali. Hayo maneno yaliniingia.

Tukaenda Merti. Giza lilipoingia, Afisa akakaa kwenye kiti karibu na chifu, nikaanza kueleza kama nilivyoagizwa. Na wallahi ule mji ulikuwa ajabu! Nyumba nyeupe zimepangwa kama meno. Maji yanatoka ukutani. Kengele ikilia wote wanakula, ikilia wote wanalala. Hakuna bunduki, hakuna mtoto analia. Wakati huo Merti ng'ombe walichukuliwa mchana kweupe. Mzee mmoja akasema polepole, "Hawa Mungu amewapenda." Mimi niliyeiona ofisini, isipokuwa rili ya mwisho, hata mimi nywele zilisimama.

Ndipo Akko mmoja, yaani nyanya, muuza maziwa, akainuka.

"Guyo, hawa wamegombana? Tangu tuanze wanapitana tu. Hakuna mmoja amemuuliza mwenzake nagaa."

Nagaa ni amani. Sisi Waborana tunaulizana hiyo kabla ya lolote: wewe una amani, nyumbani kuna amani, mifugo je, mvua je. Hata mtu mliyekosana naye utamuuliza. Nilikuwa nimeeleza amani ya ule mji mpaka koo likakauka, na hilo sikuliona.

"Labda walikatazwa, Akko."

"Masikini!"

Akatembea mpaka kwenye shuka. Pale palikuwa na picha ya mtu amesimama mlangoni peke yake, na kivuli cha Akko kikaanguka kando yake.

"Nagaa?" akamwuliza.

Akamwuliza tena. Mchunga ngamia mmoja nyuma akamjibia: "Nagaa!"

"Nyumbani nagaa?"

"Nagaa!" Sasa ni watu wote.

"Mifugo nagaa?"

"Hana mifugo, Akko, ana kengele tu!"

Wakacheka, lakini wakajibu. Rili ikaisha, shuka ikabaki nyeupe, na bado walikuwa wanamjibia yule mtu. Rili ya mwisho ilikuwa kwenye magoti yangu, ndani ya bati lake. Mmoja tu angesema "endelea," sijui ningefanya nini.

Afisa akaja mbio. "Guyo! Wanapinga serikali?"

"Hapana, mkubwa. Wanasalimia."

"Wanamsalimia nani?"

Kabla sijajibu, Akko alimgeukia. "Nagaa?"

Uwanja wote ukamngoja. Mwaka mzima Afisa alipita katikati yetu bila kujibu hiyo salamu, na hakuna aliyemkataza. Akaangalia shuka, akaangalia watu.

"Nagaa," akasema, sauti ndogo.

Wakamwuliza habari ya mama yake. Wakamwuliza mvua ya kwao. Nikamtafsiria yote, akajibu yote, na bati halikufunguliwa.

Afisa alipohamishwa aliondoka na lile bati. Mimi nilibaki na gari ile mpaka mwisho wa miaka ya themanini, ilipokufa, nikastaafu, sasa nakaa Wabera, hapa Isiolo. Wajukuu wananiuliza ule mji uliishaje. Sijui. Lakini siku ya kuhama nilimsindikiza Afisa mpaka kizuizini. Askari akaja na maswali yake: wewe nani, unaenda wapi. Afisa akatoa kichwa dirishani, akamwuliza kwanza kama nyumbani kwake kuna amani. Yule askari alisahau maswali yake, akafungua kizuizi.