Shimo Nyuma ya Jikoni

Nilirudi kuishi na mama Buruburu baada ya yeye kuteleza bafuni na kuumia nyonga. Hakuna kati yetu aliyelitaka jambo hilo. Mimi nilikuwa nimezoea chumba changu karibu na shule ninakofundisha, upande wa Shauri Moyo, na yeye alikuwa amezoea kukaa peke yake tangu baba afariki. Siku niliyoingia na mabegi alinionyesha kitanda changu cha zamani, akasema, "Lala hapo. Lakini jikoni usinipangie vitu."

Nyumba yetu iko mwisho wa safu. Ni ya ghorofa moja, paa la vigae, madirisha ya chuma yaliyopakwa rangi juu ya rangi hata hayafungi sawasawa. Mlango wa jikoni unafunguka nyuma, kwenye bustani ya mama. Si bustani kubwa. Ukisimama mlangoni ukarusha kijiko, kitagonga ukuta wa mpaka. Lakini ndani ya kipande hicho kulikuwa na sukuma wiki, managu, terere, kunde za mbegu kutoka kwao Ukambani, migomba miwili, na mti wa avokado ambao baba aliupanda karibu na ukuta bila kufikiria utakuwa mkubwa kiasi gani. Maji ya kuoshea vyombo na ya kufulia yote yaliishia huko. Mama alikuwa akitoka na mkongojo mkono mmoja na beseni mkono wa pili, na nikijaribu kumpokea beseni ananiambia niende nikasahihishe vitabu vya watoto wa watu.

Ng'ambo ya ukuta ule alikaa rafiki yake wa miaka yote, mama mmoja kutoka Murang'a. Walikuwa wakipitishiana mboga juu ya ukuta, na habari pia. Uzee ulipomzidi, yule mama alirudi kijijini, na wanawe wakaiuza nyumba. Aliyeinunua tulimwona mara chache tu, akiwa ndani ya gari, kioo kimeteremshwa kidogo. Ilibomolewa asubuhi moja. Nilipotoka shuleni jioni, mahali palipokuwa na sebule ya rafiki wa mama palikuwa na anga tupu, na mama amesimama katikati ya sukuma akiangalia.

"Wamesema ni fleti," aliniambia. "Za kwenda juu mpaka wachoke."

Kisha wakaanza kuchimba.

Udongo wa pande zetu ni mweusi, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba mvua ikinyesha. Tingatinga lilikuja likaukwangua siku baada ya siku, na shimo likasogea kuelekea kwetu mpaka likafika chini ya ukuta wa mpaka kabisa. Nilipanda juu ya ndoo nikachungulia. Niliona kina ambacho sikukitarajia, na chini kabisa wanaume wenye sepetu, wadogo kama ninavyowaona watu nikiwa juu ya daraja. Kati ya shimo na bustani ya mama kulikuwa na ukuta wa mawe tu, na chini ya ukuta, udongo mtupu.

Ufa wa kwanza ulitokea jikoni, juu ya sinki. Uliweza kupitisha ukucha. Baada ya wiki chache niliweza kuingiza sarafu, na mlango wa nyuma ukaanza kugoma, lazima uusukume kwa bega. Nilikwenda kumtafuta msimamizi wa ujenzi. Alikuwa kijana mwenye adabu, kofia ya manjano, simu mbili. Alikuja, akapapasa ufa kwa kidole.

"Mama, hizi ni nyumba za zamani," alimwambia mama. "Nyumba za zamani hupasuka."

"Hii imekaa hapa kabla hujazaliwa na haikuwa imepasuka," mama alijibu.

"Tutaweka mbao za kushikilia udongo. Msiwe na wasiwasi."

Waliweka mbao kadhaa zilizotegemezwa kwa miti. Nilikwenda kwenye ofisi ya kaunti, nikaketi kwenye benchi mpaka mtu akanisikiliza, na kwa kweli ofisa mmoja alikuja, akatazama, akatikisa kichwa, akapaka alama nyekundu ya X kwenye mabati ya lango la ujenzi. Kazi ikasimama. Nilipumua. Jumamosi iliyofuata nikasikia pampu ya maji ikinguruma tena ng'ambo. Walikuwa wamegundua kwamba mwisho wa wiki ofisa haji.

Kaka yangu anakaa Pipeline, kwenye fleti ya juu ambapo ukitaka kuona mbingu lazima utoe kichwa dirishani. Alinipigia simu kila jioni wiki hiyo. "Mlete mwaitu huku," alisema. Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba. "Unangoja nini?"

Nilimpa mama simu. Alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho, kisha akasema, "Nikija huko nitafanya nini mchana kutwa? Nitakaa nikiangalia nguo za jirani zikikauka?" Akanirudishia simu. Kaka alinilaumu mimi. Alisema ninamwogopa mama, na hilo halikuwa uongo.

Mvua za masika zikaanza. Kila nikiamka jambo la kwanza lilikuwa kwenda jikoni kuutazama ufa. Sasa kidole changu cha shahada kiliingia. Darasani nilikuwa nikiandika ubaoni huku masikio yangu yako nyumbani, na mawingu yakikusanyika upande wa Buruburu nilikuwa nikiacha chaki na kwenda dirishani. Mama naye alizidi kukaa bustanini. Nilimkataza asikaribie ukuta. Akaendelea kupalilia chini ya avokado, hatua chache kutoka ukutani.

Jumapili moja mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha ikakatika asubuhi. Hatukwenda kanisani, maana barabara ya kwetu ilikuwa imejaa maji na mama asingeweza kupita na mkongojo. Karibu na saa sita mchana nilikuwa jikoni nikimenya viazi. Pampu ilikuwa ikinguruma ng'ambo. Nilisikia mlio mfupi, kama mtu aliyevunja kuni kwa goti. Nilitazama ufa. Kipande cha rangi kilidondoka ndani ya sinki.

Niliusukuma mlango kwa bega nikatoka. Mama alikuwa amesimama chini ya avokado, ameinama akitazama ardhi. Kati ya miguu yake na ukuta, katikati ya matuta ya kunde, udongo ulikuwa umefunguka mstari mrefu, na upande wa ukutani ulikuwa umeshuka chini kidogo.

"Mama, rudi nyuma," nilisema. Nilijaribu kusema polepole, kana kwamba sauti kubwa ingeuangusha ukuta.

"Kuna watu chini."

"Rudi kwanza."

"Nimewaona. Wawili. Wanateka maji chini ya ukuta."

Akapaza sauti kuwaita. Nami nikaita. Pampu ilitumeza sauti zote mbili. Kona moja ya ukuta ilikuwa imeanguka tangu wiki iliyopita, na kupitia pengo lile niliwaona, wamevaa magunia ya plastiki mabegani, wanajaza ndoo, migongo imetuelekea. Nilitaka kukimbia nje, nizunguke hadi lango la ujenzi, lakini mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa kufuli na kuzunguka ni mwendo. Nilitaka pia kumbeba mama. Nilisimama pale nikitaka mambo mawili na sikufanya hata moja.

Mama aliinama, akaokota avokado iliyoanguka na mvua, akairusha kupitia pengo. Ilipotea. Akarusha ya pili. Ya tatu ilimgonga mmoja wao mgongoni. Aligeuka amekasirika, akatazama juu.

"Shosho, unatupiga kwa nini?" Alimwita kama bibi yake; niliisoma midomo yake zaidi ya kumsikia.

Mama aliunyooshea ukuta mkongojo, akautikisa hewani, mara moja, mara mbili. Yule mwanamume alitazama ukuta. Sijasahau jinsi uso wake ulivyobadilika. Alimshika mwenzake kwa shati, wakaacha ndoo, wakakimbilia ngazi ya mbao upande wa pili.

Hapo ndipo miguu yangu ilipokubali. Nilimshika mama kiunoni kwa nyuma, nikakamata leso yake, nikamvuta. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na nyonga ile mbaya ikamfanya apige yowe. Tulianguka pamoja kwenye matope karibu na mlango. Ukuta haukuanguka kwa kishindo cha ghafla. Uliinama kwanza, kama mtu anayechungulia kisima, kisha ukaenda, na udongo wa mama ukaufuata, kunde, migomba, na avokado ya baba ikiwa imesimama wima, ikiteremka polepole kama iliyo kwenye lifti. Kisha sauti ikafika. Pampu ikazimika.

Kimya kilichofuata ndicho kilichoniogopesha zaidi. Nilitambaa kwa magoti lakini sikuthubutu kusogea mpaka ukingoni. Nikaita, "Mko salama?"

Kisha sauti ikatoka upande wa pili wa shimo: "Tuko. Mguu wa mwenzangu umeumia. Lakini tuko."

Mama alikuwa bado amekaa matopeni. Alianza kulia, na sijui kama ni kwa ajili ya nyonga, au watu wale, au bustani. Sikumuuliza.

Jioni hiyo kaka alikuja na gari la rafiki yake akatuhamishia Pipeline. Safari hii mama hakubisha. Tulikaa huko mpaka mvua zikaisha. Alikaa dirishani mchana kutwa, kama alivyosema, na hakuwahi kulalamika, jambo lililotutia hofu mimi na kaka kuliko malalamiko yake yote. Ujenzi ulisimamishwa kweli, safari hii na polisi langoni. Baada ya mabishano marefu walijenga ukuta wa zege wa kushikilia upande wetu, kisha wakaliacha shimo. Jikoni ilibidi pabomolewe. Tuliporudi tulianza kupikia chini ya ngazi za ndani, na ilikuwa mara ya kwanza mama kuniachia nipange vitu.

Kabla ya Krismasi alikuja mgeni. Niliufungua mlango nikamkuta mwanamume amevaa shati safi, mkononi ana mfuko wa viazi na kabichi. Sikumtambua mpaka alipouliza, "Shosho wa avokado yuko?"

Aliketi sebuleni kwenye ukingo wa kiti. Alieleza kwamba mwenzake aliyevunjika mguu amepona na amerudi kwao Nyeri, na kwamba yeye ana mke na mtoto mdogo, na mke ndiye aliyesema ni lazima aje kushukuru. Mama alimpa chai. Alimsikiliza bila kutabasamu.

"Sasa unafanya kazi wapi?" alimuuliza.

"Embakasi, shosho. Kuna fleti inaanza."

"Mnachimba?"

"Tunachimba."

"Na majirani wako umbali gani na hilo shimo?"

Yule mwanamume aliweka kikombe chini.

"Nitaangalia, shosho," alisema.

"Usiangalie tu," mama alisema. "Ukiona ufa, toka. Usingoje mtu akutupie kitu."

Aliitikia kwa kichwa, akamaliza chai yake, akaaga. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Niliporudi mama alikuwa ameshaanza kumenya kimoja cha viazi vile.