Alama za Breki za Lisekese

Mimi, Koplo Dastani wa trafiki, najua kukokotoa mwendo wa chombo kwa urefu wa alama za breki, na sichoki kujisifu. Juzi pikipiki ya Ashiru iligonga mkorosho hapo Lisekese. Nikatimua vumbi na yangu mpaka pale, nikavuta futikamba kwenye changarawe: mita ishirini na moja. Nikapiga hesabu mbele ya umati.

“Kilomita hamsini na sita kwa saa, Ashiru! Mwisho hapa ni hamsini!”

Mama Rahima, aliyekuwa akipalilia kando ya barabara, akaniita kwa upole: “Baba Agatha, Ashiru hakuwahi hata kufunga breki. Hizo alama umeziacha wewe, ulipofika.”

Ashiru, huku damu ikimtoka gotini, akaomba kalamu, akaniambia nirudie ile hesabu polepole.