Effie Gillis na Ubao wa Waheshimiwa

Effie Gillis alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika studio ya picha mjini Charlottetown. Kazi yake kubwa ilikuja kila bunge la jimbo lilipovunjwa: kubandika sura za wabunge wote kwenye ubao mmoja, serikali kushoto, upinzani kulia, Spika katikati, kisha utundikwe ukutani bungeni usitoke tena. Wenye vipara aliwaongezea nywele kidogo kwa brashi. Kura yake alimpa nani, hakumwambia mtu. Mimi nilikuwa nikipita pale kuota moto tu, naye hakunifukuza.

Bunge moja lilimsumbua. Murdo MacInnis, mkulima wa viazi, aliingia na serikali, akahamia upinzani mwaka wa tatu kwa sababu gati la mbao la kijijini kwao lilioza na serikali haikulijenga. Bungeni kwetu serikali hukaa upande wenye jiko la kuni, basi watu wakamcheka kwamba ameacha moto akafuata mbao.

Serikali ikamtuma karani. "Huyo si wetu, bibie. Mpeleke kwa wenzake."

Karani wa upinzani naye akaja. "Murdo? Hata kiti hajakipasha joto! Wabaki naye wenyewe."

Ubao ulitakiwa Ijumaa. Akikosa nafasi, miaka minne ya Murdo isingeonekana popote.

Alhamisi akaja Murdo mwenyewe, kofia mkononi. "Niache tu, dada Effie. Gati lenyewe halikujengwa."

"Hebu acha hayo. Siku ya mwisho ulikaa wapi?"

"Kule kwa upinzani kulijaa. Seremala aliniwekea dawati mlangoni, kwa mzee Cletus bawabu. Tulikuwa tukigawana mkate wake."

Picha ya bawabu, kwa desturi, hukaa chini kabisa ya ubao, peke yake. Effie akachukua gundi, akambandika Murdo ubavuni mwa Cletus.

Ijumaa makarani wale wawili walikuja. Kila mmoja alikagua safu za chama chake, hakumkuta Murdo, akaondoka ameridhika.

Jioni Murdo akaja. Ilibidi apige goti ili ajione.

"Umeniongezea nywele," akasema.

"Kidogo. Mlangoni kuna baridi."