Picha ya Mama Imebaki Ndani ya Telefone ya Yaya

Tarehe 12, mwezi wa tisa. Mvua imenyesha tangu asubuhi, mtaa wetu wa Murara wote ni matope meusi.

Leo tena telefone ya yaya, kaka yetu mkubwa, imekataa kufunguka. Yeye tumeshamuzika, na telefone ilijua kidole chake tu, ao namba yake ya siri. Ndani ndimo iko picha ya marehemu mama. Zingine zote ziliungua siku volkano ilipokula nyumba ya mama. Hiyo moja yaya alikuwa ameishaipiga kabla ya moto, akaiweka kwenye akaunti yake. Kila tukimuomba: "Nitawatumia." Hakutuma.

Alipolazwa nilitaka kumuuliza namba. Shemeji, bibi yake, akanisimamisha mlangoni: "Unamupimia sanduku la maiti angali anapumua?" Nikarudi nyuma. Hasira ninayo mpaka leo, lakini sijui kama ninayo haki. Kwetu mgonjwa haulizwi mambo ya nyuma ya kifo chake, ni kama kumusukuma kaburini. Mutu angekuja kumuuliza bwana yangu vile, hata mimi ningemufukuza. Tena ni shemeji aliyeificha telefone hiyo ndani ya mufuko wa unga waasi walipoingia mjini. Bila yeye tusingekuwa hata na kitu cha kubishania.

Leo mdogo wangu akasema: "Tujaribu siku ya kuzaliwa." Akaandika tarehe moja mwezi wa kwanza, siku ya Bonane, ile ya kwenye karte ya kitambulisho ya yaya.

"Wee!" nikapiga kelele. "Sisi wote wa kule Masisi, karte zinasema tulizaliwa Bonane! Mama alituzaa wote siku moja?"

Shemeji akacheka, mara ya kwanza tangu kilio. Telefone ikajifunga tena. Siku ya kweli aliijua mama peke yake, na mama ndiye tunamutafuta humo.

Magharibi nikamuita binti yangu. "Kamata telefone yangu. Namba ya siri ni hii."

Akaziba masikio. "Mama, usiseme vile! Unaenda wapi?"

"Siendi popote. Kamata."

"Chakula kinapoa," bwana yangu akasema.

"Kipoe. Hakuna mutu atakula kama huyu hajafungua."

Labda nilizidisha. Mutoto hakukosa kitu. Akaandika huku analia, ikafunguka, akanirudishia bila kuniangalia. Halafu tukakula bugali, mboga za lengalenga na sambaza, samaki wadogo wa soko la Kituku, vyote vimeishapoa.