Meno Meupe ya Mama Igihozo

Kabla ya kwenda Kampala, Mama Igihozo alikuwa na meno ya rangi ya mandazi yaliyoungua. Alizaliwa Kibumba, chini ya volkano, ambako watu hunywa maji ya mvua yanayopita kwenye moshi wake na kushuka kwenye bati, na maji hayo hupaka meno ya mtoto hata kabla hayajatoka kwenye ufizi. Sisi wa Goma tunawatambua watu wa kule juu mara tu wanapofungua kinywa. Lakini ubaya wa meno hayo ni wa machoni tu. Ya Mama Igihozo yalikuwa magumu kuliko kisu changu cha jikoni. Aliuza miwa kando ya barabara, hapa Keshero, na mteja akisitasita, mama yule alichukua muwa mzima, akaumenya kwa meno kuanzia pingili ya chini, akatafuna, akatema makapi, akacheka kinywa wazi. Hakuwahi kukiziba kwa mkono. Watu walinunua.

Mimi naitwa Mama Rachidi. Nakaanga sambusa upande wa pili wa ua wake, na babu yangu alikuja huku na biashara kutoka Kasongo. Nasema mapema kwamba sina ulimi wa asali. Anayetaka kusikia habari za huruma aende kwa wengine.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Athanasie, ila hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Mama Igihozo, na Igihozo ndiye mtoto pekee aliyembakia. Binti huyo alikwenda Kampala akiwa bado msichana, akaolewa na mfanyabiashara wa vitenge anayeitwa Munyaneza, akazaa, na hakurudi tena. Hata baba yake alipokufa hakurudi. Alituma picha. Katika picha hizo alikuwa na meno meupe kama vikombe vya harusi, na mimi niliyemjua akiwa mdogo nilizitazama nikasonya. Meno yake yalikuwa meusi kuliko ya mama yake. Alikuwa ameyafunika kwa gamba jeupe la daktari, huko huko, kabla hajampata mume.

Basi mji wetu ulipozidi kuharibika kwa vita, benki zimefungwa, uwanja wa ndege umefungwa, watu wanalala na viatu miguuni, Igihozo akakumbuka kwamba ana mama. Alipiga simu kwangu, kwa sababu simu ya mama yake ilikuwa ile ndogo isiyosikika vizuri. Nilisimama karibu, nikasikia yote.

"Mama, kuya huku Kampala," alisema. "Huku meno ni bei ya chini, si kama Goma. Utatengeneza meno yako, na wakati ile utaangalia kama unaweza kaa na sisi. Ukiona ni muzuri, haurudi tena."

Mtu mwingine angesikia neno "utaangalia". Mama Igihozo alisikia "haurudi tena", akaanza kuaga siku hiyo hiyo.

Na kuaga kwa watu wake si mchezo. Anayehama kabisa hugawa vyombo vyake kwa mkono wake mwenyewe, nyumba kwa nyumba, na anayepokea hupokea kwa mikono miwili. Kilichotolewa hivyo hakidaiwi. Kukiomba tena ni kujiitia mkosi, na mwenye kukirudisha anakuwa amemtakia aliyetoa safari mbaya. Alimpa kitanda Christa, yule mama kijana wa nyumba ya kona. Jiko na jembe alivitoa. Mimi nilipewa sufuria yake kubwa, ile ya kupikia maharage ya misiba. Nyumba yake ya mbao ilisimama katika kiwanja cha mzee Havugimana, na Mama Igihozo alimrudishia mzee ufunguo. Kabla ya Jumapili mzee alikuwa amekwisha kuweka mpangaji.

Nilimwambia. Sikunyamaza hata kidogo. "Mama Igihozo, mutoto amesema utaangalia. Kuangalia si kuhama."

Alicheka na yale meno yake. "Wee Mama Rachidi, mutoto wangu hawezi niita mbali vile juu ya meno tu."

Nilibeba sufuria yangu nikaenda zangu.

Yaliyotokea huko nayajua kwa sababu alinisimulia mwenyewe, baadaye, kwa mdomo ambao ilibidi niusikilize kwa makini.

Igihozo alimpokea kwenye basi, amevaa vizuri, ananukia. Alimkumbatia kwa mkono mmoja. Halafu hakumpeleka nyumbani. Alimpeleka kwenye lojing iliyo karibu na kliniki ya meno. "Tumalize kwanza meno, mama. Kisha utaenda ku nyumba, utajua mukwe wako na wajukuu." Mama Igihozo aliona ni heshima, kwamba binti anataka aingie kwa mkwe akiwa amependeza. Aliniambia jambo moja tu lililomkera: binti alipozungumza naye hakumtazama machoni, alimtazama mdomo.

Daktari aligonga meno yale kwa chuma, moja baada ya jingine, akatikisa kichwa, akasema maneno mengi kwa Kiingereza. Igihozo akajibu. Wakabishana kidogo. Kisha binti akamgeukia mama yake.

"Dokta anasema yote imeoza. Ataitoa, atakuwekea mapya."

Walimpiga sindano. Akang'olewa meno yote ya juu na yale ya mbele ya chini, kwa siku kadhaa, mafungu mafungu. Na mama yule, akiwa ameegemea kiti na damu kwenye kidevu, aliyatazama kwenye beseni. Hakuona tundu hata moja. Mizizi ilikuwa mirefu na mizima. Mtu aliyeuza miwa maisha yake yote anajua kitu kilichooza kinafananaje. Aliniambia, "Mama Rachidi, ile meno ilikuwa mizima." Nilimuuliza kwa nini hakupiga kelele. Akasema angepiga kelele vipi na mdomo umejaa pamba, na ni mtoto wake.

Mimi nilielewa upesi kuliko yeye. Kuyafunika meno kama alivyofanya binti ni ghali, kuyang'oa ni rahisi, na yalitakiwa yatoweke. Anayemwona mama wa Kibumba na kinywa chake anaona pia kilicho chini ya weupe wa binti. Munyaneza hakujua. Munyaneza alikuwa akijisifu kwa watu kwamba kitu cha kwanza alichokipenda kwa mke wake ni meno.

Daktari akapima ufizi ili atengeneze meno ya bandia, akasema kidonda kipewe muda wa kupona. Mama akabaki lojing, akinywa uji. Na angebaki hapo hadi mwisho kama mkwe wake asingekuwa mtu mwema. Munyaneza alisikia kwa jirani kwamba mama wa mke wake yupo mjini, amelazwa kwenye chumba cha kukodi kama mpita njia. Aliona aibu. Alikwenda kumchukua mwenyewe, akamfungulia mlango wa gari, akamwita Mabukwe, kama mkwe aliyelelewa vizuri anavyomwita mama wa mkewe.

Mama Igihozo alipofika kwenye sehemu hii ya hadithi alikuwa akifumba macho. Nyumba ina vigae. Maji yanatoka bombani, ya moto na ya baridi. Kulikuwa na chumba kidogo chenye dirisha linaloelekea bustanini, na Munyaneza alimwonyesha akasema, "Hapa, Mabukwe, ukipenda, ni kwako." Ukipenda! Alikuwa amependa tangu Keshero.

Wakaketi kula. Munyaneza alikaa mbali kidogo kwa heshima, watoto wakiwa katikati, na Igihozo akamwekea mama yake ndizi zilizopondwa. Mkwe akauliza kwa upole, "Mabukwe, pole sana. Meno yako iliharibiwa na nini?"

Ingetosha kusema ni uzee. Lakini huyu alikuwa mama, na mama akipewa nafasi ya kumsifu mtoto wake mbele ya mume haachi.

"Haikuharibika, mukwe wangu. Ni maji ya kwetu, inapaka meno ya batoto wote. Hata huyu Igihozo, yake ilikuwa nyeusi kupita yangu! Batoto wenzake walikuwa wanamwita Makala, sawa mukaa wa jiko. Sasa angalia vile Mungu amemusafisha."

Akacheka, na ufizi wake mtupu. Watoto wakacheka naye. Munyaneza alimtazama mke wake, naye akacheka, bila ubaya wowote, akasema, "Makala? Kumbe nimeoa Makala?" Mtoto mdogo akalirudia jina hilo akipiga kijiko mezani. Makala, Makala. Igihozo aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo havijachafuka.

Kesho yake, mume akiwa dukani, alimpeleka mama yake kwenye basi.

"Nenda upone kwanza Goma," alimwambia. "Meno ikikuwa tayari, nitakuita."

Alirudi kupitia mpaka wa Bunagana. Alipita Kalengera, akapita Kibumba kwao bila kushuka, akapita Kanyaruchinya, kitenge kimefungwa kinywani muda wote. Alipofika uani alikuta nguo za mtu mwingine kwenye kamba yake. Havugimana alikuna kichwa akasema mpangaji amekwisha kulipa. Christa, ambaye si mtu mbaya, alimwambia alale kwake. Lakini kitanda kilikuwa na watoto wa Christa, kwa hiyo Mama Igihozo alitandikiwa mkeka sakafuni, kando ya kitanda chake mwenyewe. Hakukiomba, na Christa hakuthubutu kukitoa.

Nami nilimpikia. Asiseme mtu kwamba sikumpikia. Kila siku nilipika uji wa mtama kwenye ile sufuria kubwa, kwa sababu sikuwa na nyingine ya kufaa, nikampelekea, nikamngoja amalize, nikaondoka na sufuria. Yeye aliitazama sufuria, na mimi nilimtazama akiitazama. Sikumrudishia. Alinipa kwa mkono wake, na mimi si wa kumwitia mtu mkosi.

Alirudi barabarani na miwa yake. Sasa aliikata kwa panga, vipande vidogo, na mtaa ukapata kichekesho. Waendesha pikipiki walisimama makusudi. "Mama, onja kwanza, tuone kama ni tamu!" Wengine walimwomba awamenyee. Alijibu kila mmoja, kwa sauti ileile, kwamba yupo safarini, kwamba meno yake yako Kampala yanatengenezwa, kwamba nyumba ya mtoto wake ina maji ya moto na chumba chenye dirisha. Watu walijua habari za dirisha lile kuliko madirisha yao.

Halafu mpangaji wa Havugimana akahama. Mzee alikuja mwenyewe na ufunguo mkononi, akasema, "Mama Igihozo, ingia ku nyumba yako, tutazungumza ya pesa kiisha." Nilidhani atalia kwa furaha. Alikataa.

"Asante muzee. Weka mutu mwingine. Mimi niko naenda."

Nilimwita mjinga mbele ya watu. Nilisema, "Utalala chini hadi lini? Ingia!" Akaniambia nisiwe na wivu. Mimi, wivu! Nyumba ikapewa mtu mwingine, mwenye familia kubwa, ambaye alianza kupigilia misumari siku hiyo hiyo.

Mzigo ulikuja na Abdoul, dereva wa basi. Kiboksi kidogo kimefungwa kwa utepe. Na kwenye simu yangu ukaingia ujumbe wa sauti. Mama Igihozo aliacha miwa barabarani bila mtu wa kuilinda, akaja uani kwangu karibu anakimbia, na Christa nyuma yake. Alifungua boksi. Ndani kulikuwa na meno, juu na chini, meupe kuliko ya kwenye picha.

"Vaa kwanza," Christa akasema.

Ufizi ulikuwa umekwisha kunywea tangu daktari alipopima. Meno yalicheza. Aliyasukuma kwa kidole gumba hadi yakakaa, mdomo ukavimba mbele, na machozi yakamtoka kwa maumivu. Lakini alijinyoosha, akajifuta uso kwa kitenge, akasimama kama mtu anayepigwa picha.

"Weka sauti," akaniambia.

Niliweka. Igihozo alisema polepole, kama mtu anayesoma.

"Mama, meno yako imeisha. Dokta amesema kazi yake imeisha, hakuna tena haja ya kurudi huku. Uivae ku misa, itakupendeza. Ubaki salama."

Christa akaangalia chini. Mimi niligeuza sambusa zangu kwenye mafuta, ingawa hazikuwa zimeiva upande wa chini. Nilimchukia binti yule kwa moyo wangu wote, na nilimchukia mama yake pia, kwa jinsi alivyosimama pale akingoja.

"Weka tena," akasema. Meno yakagongana.

"Umesikia."

"Nilikuwa navaa meno, Mama Rachidi. Sikusikia ya nyumba. Ya nyumba amesema wapi?"

Niliweka tena. Alisikiliza akiwa ameinama karibu na simu, na alipofika kwenye "ubaki salama" aliinua kidole tunyamaze, ili kama kuna kingine kisimpite. Hakukuwa na kingine. Hapo ndipo alipotabasamu, meupe yote nje, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaziba kinywa kwa mkono.

"Rudisha nyuma kidogo," akasema. "Ile ya nyumba."